Ukurasa wenye nge na dhahabu: si hirizi, na usiufute kwa kitambaa cha maji

"Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Tanga, niko Uingereza mwaka wa 9 sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Bibi mmoja niliyemhudumia miaka 4 alifariki, watoto wake wakanipa fremu iliyokuwa chumbani kwake, ndani kuna ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani sana. Juu kuna herufi KL za dhahabu na neno Octobre, alafu mistari ya majina, mengine mekundu mengine ya bluu, ila saint remy na saint denis yameandikwa kwa dhahabu. Kushoto kuna xvi, chini yake v, namba zinaendelea ila mistari mingine mitupu, na herufi A b c d e f g zinajirudia. Chini kabisa kuna mtu anamwaga mbegu na pembeni yake nge. Mama mkwe alivyoiona kwenye simu akasema hiyo hirizi ya kizungu, niitoe ndani. Mwenzangu kazini anasema hiyo ngozi ni ya mtu. Mume wangu anasema kama dhahabu ni kweli tuikwangue tupeleke kwa sonara. Mimi naipenda. Nimeitundika sebuleni juu ya hita na sasa naona pembeni imeanza kujikunja. Nilitaka kuifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikasema nikuulize kwanza. Ni kitu gani hiki, walikitengenezaje, kwa nini wajisumbue hivyo, na naweza kuipeleka Tanga kwa mama?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na bibi yako, maana ukishamlisha na kumvalisha mtu miaka 4 huyo ni wako. Kitambaa kiweke chini. Alafu nenda kaishushe hiyo fremu kutoka juu ya hita sasa hivi, kabla hata hujamaliza kusoma, ilaze kwenye kabati la chumba kikavu kisicho na joto kali, ndo urudi tuongee taratibu. Mengine yote yatasubiri, joto halisubiri.

Tuanze na mama mkwe, maana kesi yake ndo nzito ndani ya nyumba. Simlaumu hata kidogo. Kwetu pwani karatasi yenye safu za herufi, namba zinazorukaruka na picha ya nge, mtu mzima yeyote atasema hii imeandikwa na mtu wa falaki na ina nia fulani. Na nge kweli ni wa falaki, ni yule Akrabu wa buruji, zile alama za nyota, jua linaingia kwake mwezi wa Oktoba. Ila kazi ya ukurasa wenyewe ni ndogo na safi kabisa: ni kalenda. KL ni kifupi cha Kalendae, jina ambalo Warumi waliita siku ya kwanza ya mwezi, na ndo hilohilo neno kalenda tunalosema mimi na wewe. Yule anayemwaga mbegu ni mkulima wa Ufaransa anapanda ngano, kwa sababu Oktoba huko ndo msimu. Kila mwezi kwenye vitabu hivi una kazi yake na buruji yake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma akiona picha anajua tuko mwezi gani.

Zile herufi A mpaka g ni siku 7 za wiki. Tarehe 1 Januari siku zote ni A, wanaendelea mpaka g wanarudi A, mwaka mzima hivyohivyo, kwa hiyo ukijua mwaka huu Jumapili imeangukia herufi gani umejua Jumapili zote, hununui kalenda mpya kila mwaka. Na kwa hesabu hiyo tarehe 1 Oktoba inaangukia A, ndo maana ukurasa wako unaanzia hapo. Hebu tafuta saint denis, yaani mtakatifu Denis. Sikukuu yake ni tarehe 9, pembeni yake lazima kuwe na b. Ukiikuta hiyo b ujue unasoma kalenda kama alivyoisoma mwenye kitabu miaka 500 na zaidi iliyopita.

Zile xvi na v ni za mwezi kuandama. Mwezi na jua vinarudi kukutana karibu palepale kila baada ya miaka 19, kwa hiyo kila mwaka ulipewa namba kati ya 1 na 19. Unachukua mwaka, unagawa kwa 19, kinachobaki unaongeza 1. Chukua 1440: 19 inaingia mara 75, inabaki 15, ongeza 1 unapata 16. Basi mwaka 1440 mwenye kitabu akitazama mstari wa kwanza wa ukurasa kama wako akaona xvi, ndo 16 ya Kirumi, anajua mwezi mpya unatarajiwa tarehe 1 Oktoba. Mistari mitupu ni siku ambazo hakuna mwaka wowote kati ya ile 19 unaoandamisha mwezi. Walihitaji hiyo hesabu kwa ajili ya Pasaka, maana Pasaka inafuata mwezi. Kwa karne ya 15 jedwali lilikuwa limeshapishana na mwezi wa kweli kwa siku kadhaa, na kuja kurekebishwa ni 1582, ila watu waliendelea kulinakili tu vile walivyolirithi. Mwambie mama mkwe hivyo, sisi tunaobishana kila mwaka kama mwezi umeonekana au bado tunawaelewa hawa watu vizuri sana.

Kwa hiyo kilichoko mkononi mwako, kwa maelezo yako, ni ukurasa wa kitabu cha sala cha mtu binafsi, kinaitwa Kitabu cha Saa. Watawa walikuwa wanasali mara 8 ndani ya usiku na mchana kwa ratiba, na kuanzia karne ya 13 watu wa kawaida wenye uwezo, tena wengi wao wanawake, wakataka na wao wawe na ratiba fupi ya kufuata nyumbani. Ndo kikaja kitabu kidogo cha kushika mkononi, mbele kalenda, ndani sala za Bikira Maria kwa kila saa, zaburi, sala za maiti. Mabinti walipewa wakiolewa, mama akamwachia binti yake, wengine wakaandika humo tarehe za watoto kuzaliwa. Karne ya 15 hakukuwa na kitabu kilichotengenezwa kwa wingi kama hiki huko Ulaya kaskazini, Paris na Bruges zilikuwa na mafundi mitaa mizima.

Hapo nirekebishe jambo ambalo hujaliuliza ila najua unalo kichwani, kwamba vitu hivi walitengeneza watawa waliojifungia milimani. Zamani zaidi ni kweli. Kuna Biblia moja kubwa, Codex Amiatinus, ilitengenezwa kwenye monasteri ya Wearmouth na Jarrow hukohuko Uingereza uliko wewe, kabla ya mwaka 716, ina majani 1,030 ya ngozi na uzito wake ni kama kilo 34, hebu fikiria ndama zaidi ya 500 kwa kitabu kimoja. Iko Florence sasa. Ila kufika wakati wa ukurasa wako, hii ilikuwa kazi ya mjini ya kulipwa: muuza vitabu, Paris wengi wao walikuwa kwenye mtaa unaoelekea kanisa la Notre-Dame, anapokea oda, anampa mwandishi, kazi inatoka hapo inakwenda kwa wa dhahabu, kwa mchoraji, mwisho kwa wa kujalidi. Na wanawake walikuwemo, tena tangu enzi za monasteri. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba kwenye ugaga wa meno ya mwanamke aliyezikwa Dalheim, Ujerumani, kati ya karne ya 10 na ya 12, walikuta chembe za bluu ya lapis lazuli, jiwe lililokuwa linachimbwa Badakhshan, Afghanistan. Maelezo waliyoona yanaingia akilini zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji, akilamba ncha ya brashi ili ichongoke. Mimi hiyo habari sijaichoka mpaka leo, mama wa watu hana jina popote ila meno yake yamesema kazi yake.

Sasa ngozi. Siyo ya mtu, mwanangu, lala usingizi. Ni ya ndama, kondoo au mbuzi. Siku hizi inapimwa bila kuikata, wanasugua kifutio taratibu juu yake alafu yale mabaki ya kifutio yanapelekwa maabara yasomwe protini. 2015 walipima hivyo Biblia ndogo za karne ya 13, zenye majani membamba ajabu ambayo watu walikuwa wanayasingizia kila mnyama, wakakuta ndama, mbuzi na kondoo basi.

Ilivyotengenezwa nataka uelewe vizuri kwa sababu ndo dawa ya kule kujikunja. Ngozi ya kiatu inadabaghiwa, inabadilishwa kabisa isiwe ngozi mbichi tena. Hii haikudabaghiwa. Ililowekwa kwenye maji ya chokaa siku kadhaa mpaka nywele zikalegea, ikaparwa, alafu ikawambwa kwenye fremu ya mbao ikiwa mbichi. Pembeni wanafungia kijiwe ndani ya ngozi ili kamba isichane, wanakaza, wanapara kwa kisu cha mviringo kama mwezi mchanga, wanakaza tena, inakaukia hapohapo ikiwa imevutwa. Mwisho inasuguliwa kwa jiwe, lilelile jepesi lenye vitundu tunalosugulia visigino, ili wino ushike. Sasa wewe wa Tanga ngoma unazijua. Ngoma ikinyeshewa inalegea, ukiisogeza motoni inakaza inalia. Ukurasa wako ni ngozi ya ngoma tu, tofauti yake imetolewa kwenye ile fremu ya kuwambia. Ukipata unyevu unalegea, ukipata joto kavu unavutika, na kwa sababu hakuna kinachoushika pembeni unaanza kurudi kwenye umbo la mnyama alikotoka, mgongo na ubavu. Vitabu vya zama hizo vilifungwa kwa kufuli ndogo za chuma au mikanda, watu wanadhani ni kwa ajili ya wezi, hapana, ilikuwa kubana kurasa zisitanuke. Hita yako imeukausha upande mmoja, ndo huko kujikunja.

Na wino mweusi ni wa mwaloni, kuna uvimbe kama kijitunda unaoota kwenye matawi mdudu akitaga mayai humo, wanauponda, wanaloweka, wanatia chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ukikauka unaing'ata ngozi, hautoki kirahisi. Rangi ndo hazijaing'ata ngozi, zimelala juu. Nyekundu inaweza kuwa ya zebaki au risasi, kwa hiyo usiilambe na unawe mikono ukimaliza kuishika, bluu ni ya jiwe, na kinachozishikilia ni ileile gundi ya mgunga au ute wa yai. Gundi ya mgunga inayeyuka kwenye maji. Kitambaa chako kingeondoka na saint remy.

Dhahabu nayo ina habari yake. Ni ya kweli, karibu hakika, ukiona inang'aa kama kioo na imetuna kidogo ukiinamisha kwenye mwanga. Dhahabu nyingi iliyofika Ulaya zama zile ilivuka Sahara kutoka Afrika Magharibi, kwa hiyo huenda hiyo KL inatoka bara letu. Fundi alikoroga plasta laini na gundi na kitu kitamu kama asali au sukari, akakiweka pale panapotakiwa kung'aa kikakauka kikawa kituta kidogo. Kile kitamu kazi yake ni kuvuta unyevu. Kisha akachukua kijibomba, akainama, akapuliza pumzi yake juu ya kile kituta, taratibu, pumzi ya tumboni yenye mvuke, na ndani ya sekunde chache plasta ikanata, akalaza karatasi ya dhahabu nyembamba ambayo ukiishika kwa vidole inapotea. Akaisugua kwa jiwe laini au jino la mbwa mpaka ikawa kioo. Dhahabu ilitangulia rangi, maana ingewekwa baadaye ingenatia kwenye rangi na kule kusugua kungeharibu picha. Sasa ona, kitu kilichonata kwa pumzi tu ya mtu kitafanyaje kikiguswa na kitambaa chenye maji? Kinaamka. Plasta inalainika, inavimba, dhahabu inapasuka na kutoka vipande.

Na mume wako mwambie kwa upole, sonara hataona kitu. Ukikwangua ukurasa mzima unapata vumbi lisilotosha hata kwenye ncha ya sindano, na umeua kitu ambacho kikiwa kizima kina thamani. Thamani nayo tusidanganyane, ukurasa wa kalenda usio na picha kubwa mara nyingi unauzwa mamia ya pauni, siyo mamilioni. Wapo wengi kwa sababu ya kuhuzunisha: karne ya 20 wafanyabiashara walikuwa wananunua kitabu kizima wanakikatakata wauze jani moja moja, anayejulikana zaidi ni Otto Ege wa Cleveland, Marekani, aliyefariki 1951. Ndugu za ukurasa wako huenda wako kwenye fremu za watu wengine huko duniani.

Kuhusu kwa nini wajisumbue. Watu wanajibu haraka kwamba ni utajiri wa kujionyesha, na upo, tajiri kama Duke wa Berry aliwaweka ndugu watatu wa Limbourg wamchoree kitabu cha saa ambacho mpaka wanafariki wote 1416 kilikuwa hakijaisha. Ila kwenye ukurasa wako angalia nakshi inafanya kazi gani. Sikukuu kubwa ni dhahabu, ndogo ni nyekundu na bluu zikipokezana ili jicho lisipotee mstari. KL ni ya dhahabu ili jicho kwenye mwanga wa mshumaa lione mwezi mwingine wa kalenda umeanza hapa. Vitabu vingi havikuwa na namba za kurasa, kwa hiyo rangi ndo namba. Hata kwetu ni hivyo, misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na 19, yale maua mekundu na manjano pembeni yanakuonyesha umefika wapi kwenye kisomo. Na juu ya hapo kuna imani, kwamba neno unaloliheshimu huliandiki ovyo. Ethiopia Injili za Garima zilizopimwa kuwa za kati ya karne ya 4 na ya 7 zina picha zake mpaka leo, ziko kwenye monasteri karibu na Adwa, na hukohuko Ethiopia mafundi bado wanawamba ngozi wanaandika. Tena siyo kila king'aacho kwenye vitabu hivi ni dhahabu, Kitabu cha Kells cha Ireland ambacho kila mtu anakisifia hakina dhahabu kabisa ndani, ile ni manjano ya madini ya aseniki, na hakuna aliyekiheshimu pungufu.

Sasa ufanye nini. Kwanza hakikisha siyo chapa, maana zipo nakala nzuri za mashine: chukua lenzi ya kukuza, ukiona vidoti vidogo vya rangi 4 vimejipanga hiyo ni ya kiwandani, furahia na uitundike unapotaka. Kama hakuna vidoti, na kwenye ngozi unaona vitundu vya vinyweleo na mistari miembamba iliyochorwa kuongoza maandishi, basi ni yenyewe. Usiifungue fremu mwenyewe kama huoni imeshikwaje, wengine waligundisha kwa gundi ya ovyo. Ukilazimika kuishika, mikono mitupu iliyonawa na kukauka ni salama kuliko glavu za pamba zinazonasa kwenye rangi. Usiipige pasi ijinyooshe, nakuomba, nishaona mtu kafanya, ngozi inajikusanya kama nyama kwenye kikaango na hairudi. Vumbi liko juu ya kioo, futa kioo tu, na kitambaa kiwe kikavu.

Ukiona rangi inamomonyoka, unga chini ya fremu, madoa ya ukungu, au dhahabu imenyanyuka pembeni, hapo maneno yangu ya mbali hayatoshi, tafuta fundi wa kuhifadhi vitabu aione kwa macho. Uingereza wana chama chao kinaitwa Icon, kina orodha ya mafundi, uliza anayefanya ngozi za kuandikia. Kule kujikunja pia yeye atakunyooshea kwa unyevu wa kupimwa, na akuwekee kwenye fremu ambayo ukurasa haugusi kioo. Kujua umetengenezwa wapi, piga picha pande zote mbili uandikie maktaba ya chuo kikuu yenye vitabu vya kale, wengi wanajibu bure. Saint denis wa dhahabu inanipeleka Paris, ni mlinzi wa mji ule, ila Ufaransa nzima walimsherehekea kwa hiyo peke yake haitoshi kuapia.

Tanga sasa. Kuna sheria mbili zinakugusa, ya nchi na ya hali ya hewa. Uingereza maandishi ya mkono yenye zaidi ya miaka 50 yana utaratibu wa kibali kabla ya kuyatoa nje, anayeshughulika ni Arts Council England, waulize kwanza, na uwaombe wale watoto wa bibi wakuandikie barua fupi kwamba walikupa zawadi, siku moja utaihitaji. Hali ya hewa ndo inanipa wasiwasi zaidi, ngozi inapenda unyevu wa kama asilimia 50 usiobadilikabadilika, Tanga unajua mwenyewe chumvi na jasho la ukutani masika. Kama ingekuwa yangu ningempelekea mama nakala nzuri ya picha, kubwa, kwenye fremu, na yenyewe ningebaki nayo kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala kupakana na bafu. Ila ni yako, na ukiamua iende basi ikae kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi ndani ya chumba chenye hewa, siyo kwenye kabati la ukutani.

Fundi akishaifungua mwambie akuonyeshe nyuma. Kama kitabu kilipangwa mwezi mmoja kwa pande mbili za jani, nyuma kuna nusu ya pili ya Oktoba, na tarehe 18 utamkuta mtakatifu Luka, pembeni yake d. Niandikie ukimwona, na uniambie kama naye kapewa dhahabu.